Tochi iliyolazwa sakafuni: mwaka wangu mmoja na mafundi wa ukaguzi wa sakafu

Asubuhi ya kwanza walifika mafundi watatu, na mashine zao wakaziacha garini. Fundi mkuu, dada mmoja mpole asiyepaza sauti, aliniamkia kisha akasema, "Mama, naomba tuzime taa za ukumbi na tufunge mapazia." Tukazima, tukafunga. Akapiga magoti, akailaza tochi juu ya sakafu ubavu wake ukigusa terazo, akaiwasha. Mwanga ukatambaa hadi ukuta wa pili, na vitu ambavyo nimekuwa nikivikanyaga kwa miaka 11 vikaota vivuli: mikwaruzo ya mviringo iliyoachwa na mashine za zamani, kibonde mbele ya lifti, madoa ya duara karibu na meza ya mapokezi, na njia ya watu kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, imepauka kama kijia cha mbuzi kwenye majani. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini.

Nasimamia jengo la ghorofa tatu. Chini kuna ukumbi wa terazo na stoo yenye sakafu ya epoksi, mpako mgumu wa plastiki, juu ya zege. Juu kuna ofisi zenye vinili, yaani plastiki ya kutandika, ushoroba na jiko la wafanyakazi vyenye vigae, na ukumbi wa mikutano wenye sakafu ya mbao. Huduma ninayoieleza ni mkataba wa mwaka mmoja: ukaguzi mkubwa mwanzoni, ziara tatu za ufuatiliaji, na matengenezo yatakayoonekana ya lazima. Kampuni siitaji jina. Baadhi ya niliyonayo ni malalamiko, na ninachotaka mwenye jengo apate hapa ni sura ya huduma yenyewe, inapofanywa vizuri na inapokwenda mrama.

Kilichonipeleka kutafuta mafundi wa namna hii ni mkono wa mtu. Mwaka uliotangulia dada mmoja wa usafi aliteleza mbele ya jiko akiwa na ndoo, akaangukia mkono, mfupa wa kifundo ukavunjika. Kila mtu alisema ni maji, na wengine wakasema alikuwa anakimbia. Mimi majibu hayo hayakuniingia, kwa sababu mahali palepale mguu ulishawahi kunitoroka hata pakiwa pakavu.

Kwa hiyo nilianza kuwapima mafundi kwa hapo jikoni, na hapo ndipo nitakapoanzia.

Walileta kifaa wanachokiita pendulamu. Ni mkono wa chuma unaobembea, mwishoni una kipande cha mpira, na unapopita chini mpira unakwaruza sakafu kama kisigino kinachotua. Sakafu ikishika, mkono haupandi sana upande wa pili. Sakafu ikiteleza, unapanda juu. Mshale unabaki kwenye namba: mkono ukipanda sana, namba huwa ndogo. Namba 36 na kwenda juu maana yake hatari ya kuteleza ni ndogo. Kati ya 25 na 35 ni ya wastani. 24 kushuka chini ni kubwa. Waliilowesha sakafu, wakasawazisha kifaa kwa pimamaji, wakabembeza mara kadhaa na kuandika kila jibu. Mbele ya jiko letu ilikuwa 19.

Nilidhani watasema vigae vibadilishwe. Badala yake kijana wao alichukua eneo dogo la vigae vinne, akalimwagia maji ya moto yenye dawa ya kukata mafuta, akaacha dakika kumi, akasugua kwa brashi ngumu, akafyonza, akasuuza kwa maji matupu mara mbili. Yale maji ya kwanza aliyoyafyonza yalikuwa ya kijivu na yanavutika kama ute. Wakapima tena, maji yakiwa juu kama mwanzo: 37. Vigae ni vilevile.

Ute ule ulikuwa sabuni. Tulikuwa tunamimina sabuni nyingi tukiamini ndiyo usafi, tunapiga deki kwa ndoo moja, maji yakichafuka tunaendelea nayo, na hatusuuzi. Kila siku tunabandika utando mwembamba juu ya utando wa jana, mvuke wa mafuta ya jiko unatua juu yake, na mtu akipita na maji kidogo tu utando unaamka. Nilimwita yule dada aje aone namba mbili zile. Alizitazama, akakiangalia kiganja chake, akasema, "Kwa hiyo sikuwa nakimbia." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi, na nilimwomba mbele ya wenzake.

Baada ya hapo jiko zima na ushoroba wake vilisuguliwa, na wasafishaji wakafundishwa ndoo mbili, moja ya dawa na moja ya kusuuzia dekio, na sabuni ya kupima kwa kikombe kama lebo inavyosema. Yule dada kachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha kwenye kikombe chake. Ziara ya tatu walipima tena pale pale, wakapata 36. Kwa kazi hiyo peke yake mkataba ulinitosha.

Sasa vigae vyenyewe. Siku ya kwanza yote na nusu ya pili hawakufanya kingine ila kutazama, kugonga na kuandika. Walitembea na fimbo yenye gololi ya chuma mwishoni, wakigonga kila kigae katikati na kwenye pembe zote nne. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi na mzito, unaokufa papo hapo. Kilichoachia hulia kama mtungi mtupu. Baada ya muda mfupi hata mimi niliweza kuvitofautisha nikiwa nimefumba macho. Kila kilicholia utupu kilitiwa alama ya chaki, na tulipotazama nyuma chaki hazikuwa zimetawanyika ovyo: zilijipanga mstari mmoja kando ya madirisha yanayopigwa na jua la mchana.

Fundi mkuu alisema mstari huo umeshamweleza nusu ya habari. Vigae hutanuka vikipata joto, na hapo havikuwa na pa kutanukia. Alipima kwa futi kamba: mita 19 bila jointi laini hata moja, yaani mwanya uliojazwa kitu kinachonyumbulika, na pembezoni, pale ambapo panatakiwa paachwe nafasi kati ya kigae na ukuta, grauti ngumu, ile saruji ya kujazia mianya ya vigae, ilikuwa imejazwa mpaka juu. Kanuni wanayoifuata ni jointi ya silikoni au kitu kama hicho kila mita 6 hadi 7.5 kwa sakafu za ndani, na kila mita 2.4 hadi 3.7 pale jua linapopiga moja kwa moja. Vigae vikikosa nafasi husukumana mpaka viinuke katikati kama paa la hema. Vya kwetu vilikuwa bado havijafika huko, lakini vilishaachia.

Nusu ya pili ya habari ilikuwa chini. Aliniomba ruhusa ya kung'oa kimoja. Kilitoka kizima kwa patasi nyembamba, bila ubishi wowote. Akakigeuza, akanikabidhi. Mgongoni kilikuwa na mabonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kama tano ya dadu, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa udongo mtupu, misitari ya kiwandani bado imekaa wazi, hata vumbi haikuwa nayo. Nilipitisha kidole nikasikia kila mfereji. Gundi inatakiwa iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 mahali pa maji. Hiki hakikufika hata nusu. Aliyeviweka miaka ile alibandika haraka, akasawazisha juu vikapendeza, akaondoka. Kazi ya kufunika kombe. Kigae hicho nimekiweka kwenye rafu ya ofisi yangu. Fundi yeyote wa vigae anayekuja kuomba kazi namkabidhi akishike, kisha nasikiliza atasema nini.

Nilipenda pia kwamba hawakutaka kung'oa ushoroba mzima, ingawa ingekuwa kazi kubwa zaidi kwao. Kati ya vigae 38 vyenye chaki waling'oa 23 vilivyokuwa njiani, wakavirudisha kwa gundi iliyochanwa kwa mwiko wa meno, misitari yote ikielekea upande mmoja ili hewa ipate pa kutokea kigae kinaposukumwa. Wakakata jointi laini kwa kanuni ile, wakafungua pembezoni kote na kuweka silikoni. Vile 15 vilivyo chini ya mabenchi waliviacha, wakaviandika kwenye ramani kwa namba, na kila ziara wanavigonga tena. Viwili vimeongezeka kulia utupu. Vingine vimetulia.

Terazo ya ukumbini iliniuma kwa namna nyingine, kwa sababu ile tuliiharibu kwa mikono yetu. Terazo ni chembe za mawe, mara nyingi marumaru, zilizoshikwa na saruji kisha zikasagwa mpaka uso ukawa mmoja. Marumaru na saruji vyote viwili huliwa na asidi. Fundi hakuniuliza tunasafishia nini. Aliomba chupa zote za stoo ya usafi ziletwe mezani, zikafika 14, akachovya karatasi ya kupimia asidi katika kila moja na kuilaza karatasi mbele ya chupa yake. Nyingi zilikaa kwenye kijani au bluu. Tatu zikawa nyekundu: ya kutolea kutu vyooni, ya kuondolea chokaa kwenye mabomba, na moja isiyo na lebo ambayo wa zamu ya jioni walikuwa wakiitia kwenye ndoo ya ukumbini kwa sababu ina harufu ya limau. Akadondosha tone la hiyo ya tatu kwenye kipande cha terazo kilichobanduka pembeni ya ngazi. Likatoa povu dogo, la kimya, halafu tukalifuta. Palipokuwa na tone pakabaki doa lisilong'aa, duara, sawasawa na yale ya karibu na mapokezi.

Ukumbi ulisagwa kwa siku tatu, kwa maji, kwa pedi za almasi: namba 200, kisha 400, 800, 1500, mwisho 3000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyoitangulia, na ukiruka moja ile ya chini inabaki, hutaiona mpaka jua la asubuhi liingie mlangoni. Kati ya hatua na hatua waliosha tope jeupe lote, kwa sababu punje iliyobaki ya namba 200 ikinaswa chini ya pedi ya 1500 inachora mstari. Niliwaona wakirudia 400 mbele ya lifti baada ya kulaza tochi na kutoridhika. Hawakupaka nta. Mng'ao uliopo ni wa jiwe lenyewe, na tangu hapo unatunzwa kwa dawa isiyo na asidi wala magadi makali.

Wakati huohuo walinitoa nje nikatazame mkeka wa mlangoni. Mchanga mwingi una chembe za kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, wakati marumaru ni 3 hivi. Kila kiatu kinachoingia na mchanga kinapiga msasa sakafu. Mkeka wetu ulikuwa mfupi, mtu akiuruka kwa hatua moja. Sasa tuna wa nje wenye meno ya kukwangua na wa ndani wa kunyonya unyevu, mtu anapiga hatua sita kabla hajakanyaga terazo, na inafyonzwa vumbi kila siku. Watu wengi hutumia nguvu zao zote kwenye polishi na kusahau mita nne za mkeka.

Kuhusu mbao, tuligombana, na nafurahi kwamba nilishindwa. Ukumbi wa mikutano mbao zake zilikuwa zimejikunja, kingo za kila ubao zimeinuka na katikati pamezama, ukipitisha kiganja kwa upande unasikia mawimbi. Tulikuwa na mkutano mkubwa baada ya wiki mbili. Nikataka zipigwe msasa haraka, zilingane, zipakwe mafuta. Fundi mkuu akakataa.

"Mama, nikipiga msasa leo utanisifu wiki mbili, halafu utanilaani," alisema. Ubao unaojikunja hivyo umelowa chini kuliko juu. Sehemu ya chini imetanuka, kingo zikainuka. Ukikata kingo zilizoinuka wakati maji bado yapo, ubao ukikauka unarudi ulivyokuwa, lakini kingo umeshazipunguza, kwa hiyo sasa katikati ndiko kunakobenuka. Na mbao iliyokwisha kukatwa hairudishiwi. Akachomeka kipimo cha unyevu chenye misumari miwili iliyofunikwa kando, inayosoma kwenye ncha tu: juu asilimia 9, karibu na chini asilimia 14. Akasogea ubao kwa ubao kuelekea ukutani, namba zikipanda, mpaka nyuma ya paneli moja tukakuta bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limechomoka kwenye kiungio. Lilikuwa likidondoka polepole chini ya sakafu, nani ajuaye kwa miezi mingapi.

Bomba likatengenezwa siku hiyohiyo. Mkutano ulifanyika juu ya mbao zilizojikunja na hakuna mgeni aliyesema neno. Walisubiri wiki kumi, wakija kupima. Juu na chini ziliposomeka zote karibu 9, mbao nyingi zilikuwa zimelala zenyewe. Ndipo wakapiga msasa mwepesi, namba 60, 80, kisha 100, wakapaka mafuta ya kitani. Tena nikaona jambo ambalo sikulijua: vitambaa vilivyolowa mafuta yale hawakuvitupa kwenye pipa la taka. Walivizamisha katika ndoo ya chuma yenye maji na kufunga kifuniko, kwa sababu mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe usiku hakuna mtu. Nililala nikifikiria mafundi wote waliopita hapa kabla yao na mapipa yetu ya taka.

Ninayo malalamiko, na si madogo.

La kwanza ni ofisi za vinili. Polishi ya zamani ilikuwa imerundikana tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limefungia uchafu wake, sakafu imekuwa ya manjano. Kuivua walivua vizuri: dawa, dakika kumi bila kuiacha ikauke, mashine ya mwendo wa pole na pedi nyeusi, kufyonza, kusuuza mara mbili, na karatasi ya kupimia tena ili kuhakikisha dawa imekwisha, maana ikibaki inaila polishi mpya kutoka chini. Tatizo lilikuja kwenye kupaka. Tabaka nne nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Katika ofisi ya mwisho ilikuwa inakaribia saa mbili usiku, wamechoka, wakapaka la tatu juu ya la pili lenye unyevu. Asubuhi sakafu ilikuwa na ukungu mweupe, na baada ya siku chache ikaanza kutoa unga chini ya magurudumu ya viti. Walirudi, wakakubali kosa bila kunizungusha, wakaivua na kuipaka upya wao wenyewe. Lakini wafanyakazi wa ofisi ile walihama mara mbili, na walionuna walininunia mimi.

La pili ni zito zaidi, na linahusu stoo. Epoksi ilikuwa imebanduka sehemu ya mita za mraba sita hivi. Walisaga zege, wakabandika karatasi ya nailoni pande zote nne kwa mkanda, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi haikuwa na jasho chini yake, wakapaka. Miezi miwili baadaye yakatoka malengelenge yenye ukubwa wa sarafu. Nililitoboa moja kwa kisu, likatoa maji. Karatasi ya nailoni inakwambia habari za juu ya zege tu, tena za usiku ule mmoja. Kipimo cha kuaminika ni kutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene wa slabu, kama inakauka kwa upande mmoja tu, kuingiza kipima unyevu, kuziba na kusubiri saa 24, kisha kulinganisha na kiwango alichoandika mtengenezaji wa epoksi. Haya nimeambiwa na wao wenyewe waliporudi na drili. Watu waliokataa kugusa mbao zangu mpaka zipimwe juu na chini walipaswa kuniambia hivyo kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Nilimwambia fundi mkuu waziwazi, na hakujitetea. Walipima matundu matatu, unyevu ukawa juu mno, na mpaka naandika sehemu ile iko wazi, imewekewa uzio wa utepe, wakati tunatafuta maji yanatoka wapi.

La tatu: ripoti ya ukaguzi ilichelewa wiki tatu. Na hii haikuwa karatasi ya kusubiri. Katika chumba kidogo cha kumbukumbu, chini ya zulia, walikuta vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9, vya plastiki ngumu. Walipoviona tu walisimamisha kazi, wakanieleza kuwa vigae vya enzi hizo na gundi yake nyeusi mara nyingi vina asbesto, wakachukua kipande kilicholoweshwa na kukipeleka maabara. Majibu yalisema ipo. Kikiwa kizima na hakisagwi hakina neno kubwa. Kikipigwa msasa au kusuguliwa kikavu kwa mashine ya kasi, nyuzi zake zinapanda hewani na kuingia mapafuni. Ushauri wao ulikuwa sahihi: visiguswe, visisagwe, vifunikwe, na chumba kibandikwe tangazo. Lakini ushauri huo nilitakiwa niwe nao kwa maandishi kesho yake, siyo baada ya wiki tatu za kumzuia fundi wa umeme mlangoni kwa maneno matupu.

Na la nne, mafunzo ya wasafishaji yalitolewa asubuhi tu. Wa zamu ya jioni, ndio wale wa chupa ya limau, hawakuwepo. Nikawafundisha mimi kwa kukumbuka, na nina hakika nimeruka mambo.

Mtu akiniuliza nyota, nawapa nne kati ya tano kwa ukaguzi na tatu kwa upakaji. Macho yao na masikio yao ni ya hali ya juu. Mkono wao unateleza wanapochoka jioni. Kama unatafuta huduma ya aina hii, waombe wakuonyeshe ripoti waliyomwandikia mtu mwingine, majina yakiwa yamefichwa, na utazame kama ina ramani, namba na picha za mwanga wa pembeni, au ina maneno "hali ni nzuri" kila ukurasa. Muulize fundi ni kazi gani ya mwisho aliyoikataa. Mwulize atapimaje unyevu kabla ya kupaka chochote juu ya zege. Ukiona ameshusha mashine kabla hajapiga magoti, msimamishe kwanza.

Mkataba nimeurudia kwa mwaka wa pili, kwa masharti matatu yaliyoandikwa: ripoti ndani ya siku saba, na jambo lolote la hatari kwa afya liandikwe siku hiyohiyo, hakuna kupaka baada ya saa kumi na mbili jioni, na mafunzo yafanyike kwa zamu zote mbili. Wamesaini. Yule dada wa jikoni ameomba asimame nao siku ya zamu ya jioni, awaonyeshe wenzake kikombe chake. Ziara ya kwanza ni wiki ijayo, na wataanzia stoo.